Gari la jeshi huuzwa bila ratiba yake

Ukipita Igoma, Buhongwa au Nyakato hapa Mwanza na kuchungulia nyua za watu, hukosi kuiona: Land Rover ya kijani iliyopauka, imekaa juu ya mawe, magurudumu yamevuliwa, majani yameota mpaka kwenye bampa. Mwenyewe atakwambia ilitoka jeshini, au ilikuwa ya idara fulani ya serikali, na kwamba siku anaitoa mnadani ilikuwa inatembea vizuri tu. Anasema kweli. Na swali lake ni la haki: gari lililobeba askari, redio na mapipa ya maji mahali pasipo na njia, inakuwaje lishindwe safari za Magu na Misungwi?

Wengi hutafuta jibu kwenye injini, na ndiyo maana hawalipati. Jeshini gari hukabidhiwa dereva. Kabla ya kuwasha anapima oili na maji, anaangalia chini kama kuna tone, anakaza kilicholegea. Akirudi anarudia. Kuna fundi wa kikosi, kuna daftari la gari, kuna siku ya gresi, na asiyefanya anaulizwa. Waliobuni magari haya walijua mtu huyo yupo. Kwa hiyo hawakutengeneza gari lisilohitaji kuguswa. Walitengeneza gari linaloguswa kirahisi, kwa spana chache, hata porini. Mnadani unauziwa chuma. Ratiba iliyokiweka hai inabaki kambini.

Ukilielewa hilo, kazi nzima ya kulifufua gari la namna hii nyumbani inapata mpangilio. Kuna mambo ya kurekebisha mara moja, na kuna ratiba ya kuirudisha.

Yalikotoka

Baba wa ukoo huu ni jeep ya Marekani. Kati ya 1941 na 1945 viwanda vya Willys na Ford vilitoa zaidi ya 600,000. Uingereza ilifuata na Land Rover, iliyoonyeshwa mara ya kwanza Amsterdam mwezi Aprili 1948. Chuma kilikuwa adimu baada ya vita na kiligawiwa kwa kibali, basi bodi ikatengenezwa kwa alumini, chasisi ikabaki ya chuma. Series II ilianza 1958, IIA ikaja 1961, na Series III ikatoka 1971 mpaka 1985. Warusi walikuwa na GAZ-69 tangu 1953, kisha UAZ-469 miaka ya 1970. Wachina walikuwa na Beijing BJ212. JWTZ ilianzishwa Septemba 1964, na nchi yetu haikujifunga upande mmoja wa dunia ya wakati ule, ndiyo maana mtu wa Mwanza anaweza kukutana na uzao wa pande zote.

Nitazungumzia zaidi Land Rover. Sababu yangu ni ya spea. Injini ya petroli ya lita 2.25 ilidumu kuanzia 1958 hadi 1985, vipuri vyake vingi vinaingiliana, na bado vinatengenezwa vipya. Jambo moja la kuuliza kabla ya kutoa hela: krenki yako inakaa kwenye beringi kuu 3 au 5? Mabadiliko yalifanyika mwaka 1980, na beringi za moja haziendi kwenye nyingine. Mwenye UAZ atatumia karibu kila kitu nilichoandika hapa, ila atahangaika zaidi kutafuta vitu.

Kuhusu karatasi nitasema kwa ufupi kwa sababu halina mjadala. Gari lisilo na kadi wala hati za mauzo ya mnada ni spea, si gari, na bei yake iwe ya spea. Linganisha namba ya chasisi iliyogongwa kwenye chuma na iliyoandikwa kwenye karatasi, herufi kwa herufi. Kadi ya TRA inabeba pia namba ya injini na rangi, kwa hiyo ukibadilisha kimojawapo, kadi nayo ibadilishwe. Na rangi ya mabaka ya jeshi achana nayo. Agosti 2023 JWTZ iliwapa raia siku 7 kusalimisha mavazi yanayofanana na ya jeshi. Huhitaji kusubiri uambiwe kuhusu gari. Kijani kilichotulia, krimu au bluu vinaipendeza Land Rover vilevile.

Nyundo kwanza

Kosa la kawaida ni kuanza na injini, kwa kuwa injini ndiyo inayopiga kelele na kumfurahisha mwenye gari. Mimi nashikilia kwamba injini ije mwisho. Anza na kinachobeba, halafu kinachosimamisha, ndipo uje kwenye kinachovuta.

Kinachobeba ni chasisi. Ingia chini na nyundo ndogo na bisibisi kubwa ya zamani, vaa miwani. Gonga taratibu kuanzia mbele kurudi nyuma. Chuma kizima kinalia mlio mkali, mfupi, na nyundo inaruka mkononi. Kilicholiwa kinajibu mlio mzito uliokufa, nyundo inabaki pale pale, na unga wa kutu unakudondokea kifuani. Ukifika hapo sukuma bisibisi. Ikizama, weka alama ya chaki. Tazama kwa makini zaidi boriti ya nyuma kabisa, penye ndoano ya kuvutia tela. Mikono inayotoka pembeni kushika bodi. Na pale springi zinaposhikwa na chasisi.

Inaoza kwa nini hapo? Chasisi ya Land Rover ni boksi refu lenye uwazi ndani. Ina matundu ya kutolea maji, lakini tope la mbuga likishaingia na kukauka linayaziba, na kila mvua ya vuli na masika inaliamsha upya. Kutu inaanzia ndani kuja nje. Tundu unaloliona leo kwa macho lilianza kuliwa miaka mingi nyuma, na rangi ya juu ilikuwa inang'aa muda wote huo.

Bodi ya alumini haishiki kutu, hilo kweli, lakini nayo ina adui wake. Alumini ikigusana na chuma, unyevu ukiwa katikati, panazaliwa umeme mdogo, na kati ya hivyo viwili alumini ndiyo inayolika. Utauona unga mweupe chini ya milango na kuzunguka riveti. Chumvi huharakisha mambo hayo mno. Ziwa letu ni la maji baridi, kwa hiyo gari lililokulia Mwanza lina nafuu kuliko lililokulia Tanga au Dar es Salaam, na ukiwa na uchaguzi wa kununua, hilo lihesabu. Unaporudisha bodi, weka kipande cha mpira au rangi nzito popote metali hizo mbili zinapokutana. Na praima iwe ya alumini; rangi ya kawaida ikipakwa moja kwa moja juu ya alumini hubanduka vipande vipande.

Kwenye kuziba, kata mpaka ukutane na chuma kinacholia. Halafu chomelea bati la milimita 2, si bati la ndoo. Kubandika kiraka juu ya kutu ni kuifunika tu, nayo itaendelea kula chini kwa chini huku wewe ukiamini umemaliza. Usikate sehemu kubwa mbili kwa pamoja, kwani chasisi ikikosa mshiko inajikunja bila kukuuliza. Shika futi, pima ulalo kwa ulalo kutoka kona hadi kona, kabla ya kukata na baada ya kuchomelea. Vipimo viwili vikipishana, magurudumu hayatafuatana, na hakuna fundi wa usukani atakayekusaidia.

Kabla moto haujawashwa, vua tangi. Kwenye Land Rover hizi tangi la petroli limekaa chini ya kiti cha mbele, jirani kabisa na mikono ya chasisi inayooza. Watu huliogopa tangi lililojaa na kulidharau tupu. Ni kinyume. Tangi tupu limejaa mvuke wa petroli uliochanganyika na hewa, na cheche moja inatosha. Litoe, lipeleke mbali na eneo la kazi, kisha vua nyaya za betri ili umeme wa kuchomelea usiunguze alternata. Hapa ndipo mafundi wetu wengi huharakisha, na hapa ndipo mwenye gari anatakiwa kusimama imara hata kama fundi ni mkubwa kwake kwa umri. Mwambie kwa heshima, "Fundi wangu, leo tangi linatoka kwanza," na usiondoke mpaka litoke.

Breki za mteremko wa Bugando

Mji wetu umejengwa juu ya mawe na vilima. Gari lisilosimama vizuri haliwezi kuishi hapa.

Land Rover nyingi za umri huu zina mfumo mmoja tu wa maji ya breki kwa magurudumu yote manne. Bomba moja likipasuka, au mpira wa silinda moja ya gurudumu ukiachia, pedali inakwenda chini na huna breki hata gurudumu moja. Gari la kisasa lina mifumo miwili, likipoteza mmoja linabaki na mwingine. Kwa hiyo kwenye ukarabati wa gari kongwe mabomba ya breki hayakaguliwi ili kuamua yapi yabaki. Yanabadilishwa yote, pamoja na mipira yote na paipu zote za mpira. Ni gharama, lakini ni ndogo kuliko kitu kingine chochote utakachogonga kule chini ya kilima.

Maji ya breki yananyonya unyevu hewani. Unyevu huo unashika kutu ndani ya silinda na kushusha kiwango cha joto ambacho maji hayo huchemka, na yakichemka kwenye mteremko mrefu pedali inakuwa laini ghafla. Yamwage yote na kuweka mapya kila baada ya miaka 2. Usiongeze oili ya injini wala dizeli, hata tone, hata "kwa leo tu". Mafuta ya petroli na dizeli yanavimbisha mpira wa breki, na mpira uliovimba haurudi.

Kuna jambo la breki ya mkono ambalo limeumiza watu, na wenye magari madogo hawalijui. Breki ya mkono ya Land Rover hizi haishiki magurudumu. Inashika propela ya nyuma, yaani mhimili unaopeleka nguvu kwenye ekseli, pale inapotoka kwenye giaboksi. UAZ nayo hivyo hivyo. Sasa fikiri: umevuta breki ya mkono, umepiga jeki gurudumu moja la nyuma. Propela imeshikwa, ndiyo, lakini difu inaruhusu gurudumu moja lizunguke mbele na jingine lizunguke nyuma. Lililo hewani linakuwa huru, na kwa hiyo lililo chini nalo linakuwa huru. Gari linajiondokea kwenye jeki na wewe uko chini. Hafu shafti, ule mhimili wa kutoka difu kwenda gurudumu, ikikatika, matokeo ni yale yale. Basi weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu yaliyobaki chini. Mawe Mwanza hayauzwi.

Spana, na umeme wa aina tofauti

Boliti za Land Rover hizi ni za inchi. Kijana wa gereji atakwambia, "Mzee, hiyo ni 13, inashika." Kweli, spana 13 inaingia kwenye kichwa cha nusu inchi, ambacho ni milimita 12.7. Ile nafasi ya milimita 0.3 inayobaki haina madhara kwenye boliti iliyofungwa jana. Kwenye boliti iliyolala miaka 20 inakula kona, kichwa kinakuwa mviringo, inaletwa tindo, kisha gesi, na kazi ya dakika 10 imekuwa ya siku nzima. Kwenye 9/16 ni shida zaidi: spana 14 haiingii na 15 inacheza. Nunua seti ya spana za inchi kabla hujanunua kitu kingine. Kule Mlango Mmoja kwenye vyuma vya mitumba huwa zinapatikana nzuri za zamani kuliko mpya za bei chee. Na usilazimishe boliti ya milimita kwenye tundu la inchi. Itaingia mizunguko ya mwanzo kwa mkono, kisha itakata meno, na tundu hilo utalipeleka kwa fundi wa kukereza.

Umeme unachanganya zaidi kwa sababu unategemea gari lilifanya kazi gani. Jeep za vita zilitumia volti 6. Land Rover ya kawaida ina volti 12, lakini zile zilizoundwa kubeba redio za jeshi zina volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zilizounganishwa kwa mfuatano. Juu ya hapo, Land Rover za kabla ya 1967 hivi zina bodi iliyounganishwa na upande wa chanya wa betri, kinyume cha tulivyozoea. Fundi akifunga betri kwa mazoea, hasi kwenye bodi, anaweza kuunguza vitu kabla hujageuza ufunguo. Kwa hiyo usiamini rangi za nyaya zilizoguswa na watu kumi. Pima kwa mita, andika, chora.

Mwenye gari la volti 24 hushawishika kuchukua volti 12 kutoka betri moja kwa ajili ya redio au chaja ya simu. Inafanya kazi, na ndiyo ubaya wake. Betri moja inatumika kuliko nyenzake, alternata inazichaji zote kama kitu kimoja, ile iliyotumika haijai na ile nyingine inachemshwa kwa kuzidishiwa. Baada ya muda zote mbili zimekufa. Funga kifaa cha kushusha volti kutoka 24 kwenda 12 kinachokula kwenye betri zote mbili kwa usawa.

Fowili haiendi kwenye lami

Hili ndilo nalotamani kila mwenye gari hizi alielewe kwa undani, maana hapa ndipo watu huvunja vitu vizima.

Gari likikata kona, kila gurudumu linachora mduara wake. Magurudumu ya mbele yanachora mduara mkubwa kuliko ya nyuma, kwa hiyo yanazunguka zaidi. Tofauti ya kushoto na kulia inasawazishwa na difu iliyo kwenye kila ekseli. Lakini kati ya mbele na nyuma, magari haya hayana difu ya tatu. Ukiingiza fowili, yaani magurudumu yote manne yavute, propela ya mbele na ya nyuma zimefungwa pamoja na zinalazimika kuzunguka sawa, wakati magurudumu yanataka kuzunguka tofauti. Hapo lazima kitu kiachie.

Kwenye mchanga wa luseni, au kwenye mbuga nyeusi iliyonyeshewa, tairi linateleza kidogo na tofauti inaishia ardhini bila wewe kujua. Kwenye lami ya Barabara ya Nyerere tairi linang'ang'ania. Tofauti haina pa kwenda, inaingia kwenye vyuma. Propela zinajikaza, giaboksi inabanwa, usukani unakuwa mzito, na ukitaka kutoa fowili fimbo inagoma. Ukiendelea, kinachokatika mara nyingi ni hafu shafti ya nyuma, ambayo kwenye Series nyingi ndiyo kiungo dhaifu. Tairi mpya mbele na vipara nyuma huleta tatizo hilo hilo hata ukienda moja kwa moja, kwa kuwa tairi lililolika ni dogo na lazima lizunguke zaidi.

Kwenye Land Rover hizi kifundo cha njano ukikibonyeza chini unapata fowili ya mwendo wa kawaida. Fimbo nyekundu ukiivuta nyuma unapata gia nzito, na fowili inaingia yenyewe. Fimbo ikigoma kutoka usiipige teke. Rudi rivasi taratibu mita chache, vyuma vilivyojikaza vitafunguka, itatoka yenyewe. Na kama gari lako lina habu za kufungia kwa mkono kule mbele, zifunge mara moja kwa wiki na utembee kidogo, la sivyo jointi za mbele zinakaa bila kuzunguka na oili haifiki sehemu zake za juu.

Ziwa ni zuri, si kwa ekseli

Watu wa hapa tuna mazoea ya kuteremsha gari ufukweni na kulioshea majini. Sheria za mazingira zinakataza, na oili inayotoka chini ya gari inaingia kwenye maji yale yale tunayovua na kunywa. Hiyo peke yake ingetosha. Lakini hata asiyejali samaki aisikilize ekseli yake.

Gari limetoka Misungwi. Difu ni ya moto, hewa iliyo ndani imetanuka na sehemu yake imeshatoka kupitia kitundu cha kupumulia kilicho juu ya ekseli. Unaizamisha kwenye maji ya ziwa. Ekseli inapoa ghafla, hewa ya ndani inasinyaa, na kinachotokea ni kile kile cha chupa ya moto ukiichovya mdomo chini kwenye ndoo: inanyonya. Kitundu cha kupumulia kikiwa kimezibwa na tope, au kikiwa chini ya maji, ekseli inavuta maji kupitia oili sili au kitundu chenyewe. Huoni kitu. Gari linaondoka vizuri.

Wiki chache baadaye fungua nati ya chini ya difu asubuhi, gari likiwa limelala usiku kucha. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo yanatangulia: kijito chembamba cha maji safi, halafu oili yenyewe, si ya kahawia bali nyeupe ya maziwa. Oili ya namna hiyo hailainishi tena. Meno ya difu yanasagana chuma kwa chuma, na beringi zinaanza kulia ukifika mwendo wa 60. Mwaga yote, suuza kwa dizeli kidogo, jaza oili ya gia ya 90 mpaka ianze kufurika kwenye tundu la kujazia. Kitundu cha kupumulia kisafishe, au bora zaidi kifungie paipu ndogo ya mpira na uipandishe mpaka chini ya boneti.

Ukilazimika kuvuka maji kweli, iwe mto uliofurika au bonde la mpunga, acha gari lipoe kwanza kama unaweza. Kuna pia kizibo kidogo ambacho wanunuzi wengi hawajawahi kukiona. Chini ya nyumba ya klachi kuna tundu la kutolea oili inayovuja. Kabla ya kuvuka maji marefu askari alikuwa anafunga kizibo pale ili maji yasiingie kwenye klachi, na akishavuka anakifungua. Kikiachwa humo, oili inayochuruzika kutoka sili ya nyuma ya injini inajaa na kulowesha klachi pleti, gari linaanza kuteleza mlimani, na fundi anauza klachi mpya kwa tatizo la kizibo. Kitafute chako. Mara nyingi kimefungwa humo tangu enzi za kambini, au kimefungwa kwenye bracketi jirani kikisubiri.

Injini, kwa kifupi

Injini ndiyo kitu chepesi kuliko vyote hapa. Iliyosimama muda mrefu usiipige starta. Toa plagi, mimina oili kidogo kwenye kila silinda, iache siku mbili tatu, kisha izungushe kwa hendeli. Ikizunguka, mwaga petroli ya zamani na oili ya zamani, safisha kabureta, weka nafasi ya pointi za distribyuta milimita 0.35 hadi 0.40, weka nafasi ya valvu milimita 0.25, na mara nyingi itaitika. Mwanza iko zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari na presha ya hewa yetu ni pungufu kwa karibu sehemu moja ya nane kuliko ya pwani, kwa hiyo kabureta iliyopangwa Dar itachoma petroli nyingi huku na plagi zitakuwa nyeusi. Punguza mafuta mpaka plagi zibakie za rangi ya udongo.

Kuhusu kuweka injini ya dizeli ya Kijapani, najua hesabu ya petroli inauma, kwani 109, ile Land Rover ndefu, ikipata kilomita 7 kwa lita imejitahidi. Sikatazi. Ila injini hiyo inavuta zaidi, giaboksi na hafu shafti ni zile zile za zamani, na mnunuzi wa kesho anayetaka Land Rover atakuuliza injini yake iko wapi. Kama ya asili inazunguka, nashauri uiache.

Kuirudisha ratiba

Nunua daftari la kaunta, liwe la gari hilo peke yake. Kila unachomwaga, unachojaza na unachobadilisha kiandike na kilomita zake. Kila asubuhi ya safari pima oili ya injini, maji ya rejeta, maji ya breki, na utazame ardhini lilipolala. Magari haya yanavuja na yataendelea kuvuja. Cha kufuatilia ni kama tone la jana limekuwa dimbwi leo. Kila mwezi fungua nati za usawa wa oili kwenye giaboksi, giaboksi ndogo, difu zote mbili na zile tufe za mbele zinazogeuza magurudumu. Hizo tufe ndizo zinazosahaulika, na zikikauka jointi za ndani zinakufa kimya kimya. Gresi kwenye jointi za propela iingie mpaka ile chafu itoke. Oili ya injini badilisha kila kilomita 5,000, mapema zaidi kama unaishi kwenye vumbi.

Na vumbi lina chombo chake. Chujio la hewa la magari haya si la karatasi. Ni bakuli la oili. Hewa inashuka kwa kasi, inageuka ghafla juu ya oili, vumbi ambalo ni zito linashindwa kugeuka na linanasa. Ni kifaa bora kabisa kwa barabara zetu za kiangazi, na hakihitaji spea. Lakini bakuli likijaa tope halinasi kitu, na mchanga unakwenda moja kwa moja kwenye ringi. Fungua kila wiki wakati wa kiangazi, mwaga, osha kwa mafuta ya taa, jaza oili mpaka kwenye alama. Usizidishe, hasa kama injini ni ya dizeli, kwa sababu itainyonya oili hiyo na kukimbia yenyewe hata ukizima.

Gari lisipotembea kwa wiki mbili, usiliwashe dakika tano ukalizima. Injini isiyofikia joto lake inaacha maji kwenye oili na kwenye ekzosi. Litoe mpaka Kisesa na kurudi, na ukikuta barabara ya vumbi ingiza fowili mwendo mfupi ili oili ifike ekseli ya mbele, uitoe kabla ya kurudi kwenye lami, na ukifika nyumbani uandike kilomita kwenye daftari.